Ndoana Katika Maji Yasiyokuwapo

Kikao chetu cha mchezo wa kuigiza mezani kilikuwa kimeingia saa yake ya pili wakati kundi la wahusika lilipofika ukingoni mwa ziwa. Mimi ndiye mwendesha mchezo, ninayesimulia dunia yake, na kila mchezaji huigiza mhusika mmoja, dadu ikiamua kama anachojaribu kinafanikiwa. Nilikuwa nimejiandaa kwa ajili ya mnara uliobomoka katikati ya kisiwa, mashetani wawili waulindao na barua iliyofichwa chini ya sakafu yake. Nilikuwa na ramani, nilikuwa na majina, nilikuwa hata na sauti ya shetani mkubwa niliyoifanyia mazoezi mbele ya kioo. Mchezaji aliyemwigiza mpiga upanga wetu akaishika karatasi ya mhusika wake, akaweka kidole kwenye mstari wa chini kabisa, akaniuliza, "Jua linazama. Kabla hatujavuka, naweza kuvua?" Nikamwambia atupe dadu ya pande 20. Ikatoka 17. Nikamwambia amepata samaki. Akaandika "samaki 1" chini ya kamba na mienge, na sote tukakaa kimya kidogo, kama watu waliosimuliwa mzaha usiochekesha.

Nilipoipitia karatasi ile baadaye niliona kwamba vifaa vya uvuvi vilikuwapo tangu kikao cha kwanza. Alivinunua siku moja na upanga na deraya, akavibeba mapangoni na jangwani, na hakuwahi kuvitaja mpaka jioni ile. Tulikuwa tukicheza Dungeons & Dragons, toleo la tano lililotoka mwaka 2014, na kitabu cha wachezaji cha toleo hilo kinavieleza vifaa hivyo kwa ukarimu wa kushangaza: ufito wa mti, mshipi wa hariri, maboya ya gome jepesi, ndoana za chuma cha pua, chubwi za risasi, chambo bandia cha mahameli na wavu mwembamba, vyote kwa sarafu moja ya dhahabu na uzito wa ratili 4. Aliyeandika orodha ile aliwahi kukaa ukingoni mwa maji, au alimjua aliyekaa. Lakini ukitafuta katika kitabu hicho hicho namna ya kuvitumia, utakuta kanuni fupi ya kutafuta chakula porini, basi. Mahameli yapo, maji hayapo.

Tangu hapo nimekuwa nikijaribu kuyaleta maji hayo mezani, na kabla sijapata njia inayonifaa nilikosea mara mbili, kila kosa kwa namna yake. Ninayasimulia makosa pamoja na njia yenyewe kwa sababu yalinifundisha jambo ambalo sikulitegemea: uvuvi mezani hauchoshi kwa uhaba wa kanuni, unachosha pale mchezaji anapokuwa hana la kuamua kabla ya dadu na hana la kushuku baada yake.

Nianze na chakula, kwa kuwa ndilo jibu linalomjia kila mwendesha mchezo anapoulizwa uvuvi una faida gani. Katika toleo lile mhusika wa kawaida anahitaji ratili moja ya chakula kwa siku. Posho ya safari ya siku moja inauzwa vipande vitano vya fedha, yaani nusu ya sarafu ya dhahabu, kwa hiyo vifaa vyote vya uvuvi ni bei ya posho ya siku mbili. Anayetafuta chakula porini akafanikiwa hupata ratili kwa hesabu ya dadu moja ya pande 6 ikijumlishwa na nyongeza yake ya hekima, yaani namba ndogo kwenye karatasi ya mhusika inayoonyesha hekima yake. Mwenye nyongeza ya 3 hurudi na ratili 4 hadi 9, ambazo kwa wastani zinawatosha watu sita. Na hata huyo si lazima awepo, maana kuna uganga wa ngazi ya kwanza kabisa unaozaa matunda 10, kila tunda likimshibisha mtu siku nzima. Kundi lenye uganga huo halitalala njaa hata likipotea mwezi mzima. Unaweza kuuondoa, ukaibana posho, ukaifanya njaa iume, na meza zinazopenda safari ngumu hufanya hivyo. Ila hapo umebadili mchezo mzima ili ufito mmoja upate kazi. Mimi sikutaka hilo.

Faida ya fedha ni mbaya zaidi. Samaki akiwa na bei, wachezaji watapiga hesabu, na hesabu ikikubali watavua mpaka joka life kwa uzee. Sina la kuongeza hapo.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la bidii. Niliandika jedwali la samaki 40, kila mmoja na jina lake, rangi, uzito na ugumu wa kumpata. Nikaweka dadu ya kwanza ya kujua kama samaki ameuma, ya pili ya kujua ni samaki gani, ya tatu ya uzito, na ya nne ya kujua kama mshipi umehimili. Katika kikao kilichofuata mpiga upanga akavua, na shughuli hiyo ikachukua dakika 25. Wachezaji wengine watatu walitazama kwa adabu dakika tano za kwanza, kisha mmoja akatoa simu, wa pili akaenda kuchemsha maji, na wa tatu, mwenye mhusika mwizi, akaanza kuzipanga dadu zake kuwa mnara. Mvuvi mwenyewe alikuwa akitupa na kunisomea namba, nami nikimsomea jibu kutoka kwenye jedwali. Katika dakika zote zile hakuna mahali alipoulizwa anataka nini. Angeweza kutoka nje akaniachia dadu zake, na samaki wangekuwa wale wale.

Nadhani jedwali lile nililiiga bila kujua kutoka michezo ya kompyuta, ambako uvuvi ni jambo la zamani lenye wapenzi wengi. The Legend of Zelda: Ocarina of Time ya mwaka 1998 ina bwawa la kuvulia ambamo unaweza kukaa jioni nzima huku ufalme ukikungoja uuokoe, World of Warcraft ya mwaka 2004 iliufanya uvuvi kuwa stadi kamili, ambapo unatupa mshipi, unalikodolea boya macho, na linapozama unabonyeza. Lakini raha ya uvuvi wa aina hiyo imo mkononi na machoni. Boya linazama ghafla, kidole kinawahi au kinachelewa, na mwili unajua kwamba umechelewa kabla akili haijajua. Mezani mkono hauna kazi hiyo, kwa kuwa dadu haiwahi wala haichelewi. Ukikiondoa kidole, kinachobaki cha uvuvi ule ni jedwali, na jedwali ndiyo sehemu ambayo mchezaji wa kompyuta hafichuliwi kamwe.

Ikabidi nijiulize mvuvi halisi anaamua nini, na jibu ni kwamba sehemu kubwa ya uamuzi wake huisha kabla ndoana haijalowa. Anayatazama maji. Mtoni, samaki wengi hukaa wameelekea kule mkondo unakotoka, kwa sababu mkondo ndio unaowaletea chakula. Lakini hawakai katikati ya kasi yenyewe, hukaa nyuma ya jiwe au kando kidogo, pale maji yanapotulia, wasije wakamaliza nguvu bure, kisha huchomoka kudaka kinachopita. Maji baridi hubeba oksijeni nyingi kuliko maji yenye joto, hivyo mchana wa jua kali samaki wanaohitaji hewa nyingi huteremka kilindini au husogea penye kijito kinachoingia. Wengi hula zaidi alfajiri na machweo, wakati mwanga hafifu unapowasitiri. Kambare hutafuta kwa ndevu zake, ambazo zina uwezo wa kuonja, kwa hiyo giza na tope havimsumbui. Samoni anayerudi mtoni kuzaa huwa ameacha kula, na mwenye kumtegea kwa kuitumainia njaa yake anaitegea njaa isiyokuwapo. Tena samaki karibu wote wana mstari ubavuni unaohisi mtikisiko wa maji, hivi kwamba mtu anayeshuka ukingoni kwa kishindo ameshapiga hodi.

Hilo la mwisho ndilo lililonifungua macho. Mpiga upanga wetu huvaa deraya nzito ya chuma, na kila hatua yake ni mlango unaobamizwa. Nikamwambia mchezaji wake kwamba akitaka kuvua inabidi aivue deraya kwanza, nami nikaona uso wake ukibadilika. Katika toleo lile kuvaa deraya nzito huchukua dakika 10, ilhali raundi moja ya vita ni sekunde 6. Kwa maneno mengine, kitu kikitoka msituni wakati ameketi na ufito wake, vita vitakuwa na nafasi ya raundi 100 kabla hajawa tayari. Vita vya kawaida haviendi hata raundi kumi. Hakuna dadu iliyokuwa imetupwa bado, na tayari meza nzima ilikuwa ikijadiliana nani alinde upande gani. Jedwali langu la samaki 40 halikuwahi kufanya hivyo hata mara moja.

Kwa hiyo jedwali nikalitupa. Siku hizi kwa kila maji ninaandika samaki watano tu, na kwa kila samaki mambo matatu: anapokaa, anachokula na saa anayotoka. Siwasomei wachezaji. Wanaweza kumuuliza mzee wa kivukoni, wanaweza kukaa jioni nzima wakitazama wadudu wanaotua juu ya maji, na wanaweza kufanya kama wafanyavyo wavuvi wengi, yaani kumpasua samaki wa kwanza na kuangalia tumboni alikuwa akila nini siku hiyo. Njia hii ya mwisho mchawi wetu aliipenda kupita kiasi. Mhusika wake hawezi kuinua upanga, lakini anajua majina ya wadudu, na kwa mara ya kwanza katika kampeni ile, yaani mfululizo mzima wa vikao vyetu, majina ya wadudu yakawa na thamani.

Dadu zenyewe zinaingia hivi. Mvuvi anataja mahali, chambo na saa. Dadu moja ya pande 6 anapewa bure, na kila jibu linalolingana na samaki aliyemkusudia linamwongezea nyingine moja. Anazitupa zote kwa pamoja. Ikipatikana 6 yoyote, aliyemtaka ameuma. Ikikosekana 6 lakini ipo 4 au 5, kuna kilichouma na si yule. Zote zikiwa 3 au chini, saa moja imepita bure. Anayebahatisha tu, mwenye dadu moja, ana nafasi ya asilimia 17 ya kumpata samaki wake. Mwenye dadu mbili ana 31, mwenye tatu 42, na mwenye nne 52. Wapo waliolalamika kwamba aliyefanya kila kitu sawasawa hapaswi kukosa karibu nusu ya mara zote. Mimi naona ndivyo uvuvi ulivyo, na zaidi ya hapo nawaomba waitazame saa ya bure: kwa dadu moja nusu ya saa zako zinapotea, kwa dadu nne ni asilimia 6 tu. Maarifa hayakuhakikishii samaki unayemtaka, yanakuhakikishia kwamba maji yatakujibu. Na ile asilimia 42 iliyobaki, ambapo kitu kimeuma na hujui ni nini, ndiyo ninayoipenda kuliko zote.

Kosa la pili lilikuwa la ujanja. Nilitaka pambano la kumvuta samaki liwe na uamuzi ndani yake, nikabuni kwamba kila raundi mvuvi atupe dadu mbili, achague ipi imchoshe samaki na ipi iongeze mkazo wa mshipi. Niliona nimepata kitu kizuri sana, na niliibeba fikra ile wiki nzima kama mtu mwenye barua mfukoni. Kikao kilipofika, mpiga upanga akatupa, akapata 5 na 2, akaniangalia kwa huruma. "Ndugu yangu," akasema, "kuna siku nitachagua 2 imchoshe samaki na 5 iukaze mshipi wangu mwenyewe?" Hakukuwa na siku hiyo. Nilikuwa nimempa uamuzi wenye jibu moja, na huo ni mbaya kuliko kukosa uamuzi kabisa, kwa sababu unampotezea mtu muda na bado unamtaka ajifanye anafikiri.

Kilichokuja baadaye ni kinyonge zaidi kwa kukitazama. Mshipi una nyuzi tatu. Samaki ana pumzi: mdogo 3, mkubwa 6, na wale wanaosimuliwa na wazee 9. Kila raundi mvuvi anachagua kutupa dadu moja, mbili au tatu. Kila 4, 5 au 6 inamwondolea samaki pumzi moja. Kila 1 inakata uzi mmoja. 2 na 3 ni maji tu. Raundi ya nne ikiisha na samaki bado ana pumzi, amefika kwenye mizizi au miamba na habari zake zimeishia huko. Mchezaji mwingine yeyote anaweza kuongeza dadu moja, mara moja tu katika pambano lote, kwa sharti kwamba aseme mhusika wake anafanya nini hasa: anashika kiuno, anaingia majini, anapiga kasia. Sharti hilo lina maana kuliko dadu yenyewe, kwa kuwa ndilo linaloirudisha simu mfukoni.

Uamuzi uko wapi? Uko katika kwamba kila raundi inapokwisha ninampa mvuvi dokezo moja kuhusu kilichoko upande wa pili, na akitaka anaweza kuukata mshipi kwa kisu. Akiukata mwenyewe anapoteza ndoana moja. Uzi wa tatu ukikatika kwa kuvutwa, mshipi wote umekwenda, na msituni hakuna anayesokota hariri. Anayetupa dadu moja moja anasikia madokezo mapema na anaweza kujiondoa, lakini raundi nne hazimtoshi kumchosha mkubwa. Anayetupa tatu tatu ana nguvu ya kutosha, ila anaweza kupoteza nyuzi mbili kwa mpigo kabla hajaambiwa lolote la maana. Ukiacha kikomo cha raundi nne na kuhesabu uzi peke yake, dadu moja baada ya nyingine, mshipi unakatika mara 10 katika 100 kwa samaki mdogo, 32 kwa mkubwa, na 54 kwa yule wa pumzi 9. Mvuvi hajui ameshika yupi kati ya hao. Hesabu anaijua, asichokijua ni ipi inayomhusu.

Imebaki kungoja. Mtu aliyewahi kuvua atasema kwamba kungoja ndiko uvuvi wenyewe, na hapo meza inashindwa kabisa, kwa sababu mwendesha mchezo anaipitisha saa nzima kwa sentensi moja na hakuna mtu aliyekuja na dadu zake ili akae kimya. Nilichofanya ni kuiacha sentensi hiyo moja ipite, kisha ndani yake ninamuuliza swali mtu mmoja ambaye havui. Swali moja, kwa mtu mmoja, kila saa ya mchezo. Halihusu vita wala hazina. Jioni moja nilimuuliza mchezaji mwenye mhusika kuhani nani alimfundisha mhusika wake kuogelea. Akafikiri, akasema hajui kuogelea. Alilelewa katika hekalu la kisiwani, na mdogo wake alizama mbele ya macho yake kwenye maji yasiyozidi kifua. Mezani kukawa kimya. Vikao vitatu nyuma kuhani huyo alikuwa amebishana nasi robo saa nzima akikataa kupanda mtumbwi, nasi tulidhani mchezaji anatuchezea tu. Yeye mwenyewe, nadhani, hakuwa amejua sababu mpaka alipoulizwa akiwa ameketi kando ya mtu mwenye ufito.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba kundi la watafuta hazina halina sababu nyingi za kukaa mahali pamoja bila kupigana. Moto wa kambi unatoa sababu, lakini moto unaisha watu wanapolala. Mshipi majini unaweza kuvutwa wakati wowote, kwa hiyo mazungumzo yake yana kitu kinachoyaning'inia, na watu husema mambo ya kweli zaidi wakiwa na kisingizio cha kutazama pembeni.

Kuhusu kinachotoka majini, ushauri wangu ni mmoja: usikimbilie pete. Kisa cha pete kupatikana ndani ya tumbo la samaki ni cha kale mno, Wagiriki walikuwa nacho juu ya Polycrates, mtawala wa Samos, aliyeitupa pete yake baharini ikamrudia mezani. Kikitumika mara moja kinapendeza, kikitumika mara mbili wachezaji watapasua kila samaki kama wapasuao mifuko ya maiti. Samaki mwenyewe anatosha kuwa habari. Ukivua samaki asiye na macho kwenye ziwa lililo wazi, umejifunza kwamba ziwa hilo limeungana na mapango. Kamongo akichimbuliwa kwenye tope lililokauka, ambamo anaweza kukaa miezi mingi akingoja maji yarudi, umejua kwamba bonde hili lililokauka lilikuwa bwawa si zamani. Na mwendesha mchezo anayedhani inambidi abuni maajabu hajawatazama viumbe waliopo: kuna samaki wa umeme wa Amerika Kusini, anayefanana na mkunga, ambaye mshtuko wake umepimwa ukafika volti 860, kuna majike wa samaki wa kilindini wanaoning'iniza taa mbele ya vinywa vyao kama chambo, yaani samaki anayevua samaki, kuna papa wa Greenland, ambaye utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulikadiria kwamba huishi si chini ya miaka 272. Huyu wa mwisho nimemwingiza katika kampeni yangu karibu kama alivyo. Amezaliwa kabla ya ufalme, na ana kovu la chusa ambalo alama yake ni ya ukoo unaodai kwamba haujawahi kufika pwani.

Miezi kadhaa baadaye kundi letu lilirudi kwenye ziwa lile la kwanza. Mnara ulikuwa umeshaporwa, na mashetani yangu mawili, pamoja na sauti niliyoifanyia mazoezi, yalikuwa yameuawa katika raundi tatu. Barua chini ya sakafu hawakuiona. Mpiga upanga akaivua deraya. Mwizi akapanda juu ya mti. Mchawi akaizima fimbo yake. Chambo kilikuwa kipande cha samaki wa asubuhi, mahali palikuwa chini ya kivuli cha mnara, pale ziwa linapokatika ghafla na kuwa kilindi, na saa ilikuwa usiku wa manane. Dadu nne: 5, 2, 2, 4. Hakuna 6. Kitu kimeuma, na si yule.

Akatupa mbili. 5 na 1. Pumzi moja, uzi mmoja. Nikamwambia kwamba samaki anaponasa hutikisa kichwa, na huyu hakutikisa.

Akatupa moja. 3. Nikamwambia kwamba mshipi unasogea kidogo, unasimama, unasogea kidogo, unasimama, kwa urefu ule ule kila mara.

"Anatembea," akasema mwizi kutoka juu ya mti.

Mpiga upanga akachukua dadu mbili, akazishika muda mrefu. Kuhani akasogeza dadu yake katikati ya meza. Nikamuuliza mhusika wake anafanya nini, akajibu kwamba anaingia majini mpaka kwenye magoti na kumshika mpiga upanga kiunoni. Hakuna aliyesema neno. Zikatoka 4, 1 na 2. Umebaki uzi mmoja. Nikawaambia kwamba mshipi umelegea wote. Kilichoko kule chini kimesimama, na kimegeuka.

"Nakata," akasema mpiga upanga, na akaiweka dadu iliyobaki ndani ya kikasha chake, akafunga kifuniko.

Asubuhi walipokuwa wakivaa niliwaeleza kwamba ukingoni, hatua tatu kutoka pale alipokuwa ameketi, kuna jiwe la ukubwa wa ngumi, na kwamba ndoana yao imefungwa juu yake. Imesuguliwa ikang'aa. Mchezaji akaniuliza fundo gani limetumika. Nikamwambia ni lile lile alilolifunga yeye jana, ila limefungwa na mtu anayetumia mkono wa kushoto.

Mwizi alitaka tuondoke saa ile ile, na mchawi alikuwa ameshaanza kukunja ramani. Kuhani akalitazama ziwa, kisha akamgeukia mpiga upanga na kumuuliza tumebakiwa na chambo gani.